Neno Juu ya Vazi la Ndugu

Nguo ni sitara ya mwili, na ulimi ni mlango wa moyo. Msomaji, huenda umewahi kumwona mtu aliyejisitiri toka shingoni mpaka kifundoni, ilhali ulimi wake hauna hata kitambaa cha kuufunika. Insha hii yahusu mambo hayo mawili, vazi la mmoja na ulimi wa mwingine, yanapokutana katika karamu ya ukoo. Je, yafaa kumsema ndugu aliyekuja na nguo fupi, au ya kubana, au isiyofunika mabega? Nataka tulitafute jibu katika historia, kwa sababu swali hili ni la kale kuliko sisi, na waliotutangulia wamekwisha kuyalipia makosa yake.

Yanipasa kwanza kukiri kosa langu. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, ukoo wetu ulikusanyika wakati wa Krismasi katika mtaa wa Baba Dogo. Mtaa huu uko upande wa kaskazini-mashariki ya Nairobi, jirani na Kariobangi, Korogocho na Lucky Summer, mahali ambapo viwanda na nyumba za kupanga hupakana ukuta kwa ukuta. Jina lake ni lile lile tumwitalo ndugu mdogo wa baba, na kwa kweli mwenyeji wetu siku ile alikuwa baba yetu mdogo. Milango ya nyumba yake na ya wapangaji wenzake yote ilitazama ua mmoja, hata neno lililosemwa kizingitini lilisikiwa na kila jirani kabla ya chai kupoa.

Binti wa shangazi yangu aliingia amevaa gauni lililokoma juu ya magoti na kuacha mabega wazi. Mimi, niliyekuwa nimeanza kujiona mwalimu kabla ya kupata cheti, nikapaza sauti: "Dada, nusu ya gauni umeisahau nyumbani?" Ua mzima ukacheka. Yeye naye akacheka kidogo, kisha akaomba leso kwa mama mdogo, akajifunga, akasaidia kugawa chai. Chakula kilipopakuliwa hatukumwona. Tangu siku ile hakuja tena katika mkutano wowote wa ukoo kwa muda wa miaka sita.

Wakati ule nilijitetea nafsini ya kuwa nililinda mila. Baadaye, nilipoanza kusomesha historia, nikajiuliza: mila ipi? Hili ndilo swali la kwanza tutakalolifuata.

Tuanze pwani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa mji wa Salem, walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Mkataba wa biashara kati ya nchi yao na Sayyid Said ulifanywa mwaka 1833, na kitambaa kile kikaitwa merikani, jina lililosafiri pamoja na misafara mpaka nchi za maziwa makuu. Merikani, pamoja na kaniki iliyotiwa rangi nyeusi ya nili, ndiyo iliyokuwa nguo ya watumwa. Mwanamke mtumwa alijifunga kitambaa chake chini ya makwapa, mabega yakabaki wazi na kichwa kikabaki wazi. Kujitanda kichwani kulikuwa alama ya waungwana.

Hali ya kisheria ya utumwa ilipoondolewa Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani walitupa merikani na kaniki wakavaa kanga za rangi. Walijitanda ukaya, na baada ya miaka kadhaa wakavaa buibui. Angalia jambo hili kwa makini, msomaji. Kwa wanawake wale ujasiri haukuwa kujifunua, bali kujifunika. Aliyejitanda alisema, bila ya kufungua kinywa, ya kuwa yeye si mali ya mtu. Basi vazi lilipimwa kwa daraja ya mvaaji kabla ya kupimwa kwa urefu wake.

Sasa tupande bara. Katika jamii nyingi za Kenya, mpaka mwanzo wa karne ya 20, watu walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta. Bega wazi halikuwa aibu, wala kifua cha mama anyonyeshaye hakikuwa ajabu. Haya ilikuwapo, tena kubwa, lakini ilikaa mahali pengine: katika namna ya kuketi, katika namna ya kumpisha mkwe njiani, na katika maneno yasiyosemwa mbele ya wazazi. Wamisheni walipofika waliwataka wanafunzi wao wavae kitambaa, na ngozi ikahesabiwa kuwa alama ya ushenzi. Tukavaa, na baada ya vizazi viwili au vitatu tukasahau ya kuwa tulivishwa. Leo mtu humlaumu binti kwa kuonyesha bega kwa jina la mababu, ilhali mabibi wa mababu hao walitembea mabega wazi bila ya kulaumiwa na yeyote.

Sisemi ya kuwa wazee wetu hawakuonyana. Walionyana sana, lakini waliweka mpaka juu ya nani aonye na wapi. Katika jamii nyingi mambo ya mwili wa msichana yalikuwa kazi ya shangazi au nyanya. Baba hakuyataja, kwa kuwa baina ya baba na binti aliyekua palikuwa na pazia la heshima. Kwa Waswahili wa pwani palikuwa na somo, mwanamke mzima aliyekabidhiwa mwari amfunze faraghani. Mtu aliyekuwa na haki ya kusema alijulikana, na wengine wote walikuwa na wajibu wa kunyamaza.

Kanga yenyewe ilikuwa njia ya kuonya pasipo kuaibisha. Katika Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na kanga zake zikajulikana kwa majina kama mali ya Abdulla. Kanga zilipoanza kuchapwa maneno, mwanamke mwenye lawama aliweza kuvaa methali akapita mbele ya jirani yake. Aliyehusika alifahamu, asiyehusika aliona maua na rangi. Naam, kanga iliweza pia kuchoma kama mwiba, lakini hata katika ugomvi walimwachia aliyesemwa nafasi ya kujifanya hakusoma. Nafasi hiyo ndogo ndiyo niliyomnyima binti wa shangazi yangu mbele ya ua mzima.

Tumeona neno lilivyokaa ndani ya nyumba. Tutazame sasa lilivyotoka nje, likaacha shangazi na somo, likaenda kwa vyama, kwa serikali na kwa makundi ya barabarani.

Nairobi ilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, na kwa miaka mingi ilikuwa mji wa wanaume waliokuja kufanya kazi. Mwanamke aliyekaa peke yake katika mitaa ya mashariki alitazamwa kwa shaka. Katika miaka ya 1940 na 1950, chama cha Luo Union, ambacho kilisaidia watu wake kwa mambo mengi mema, kilichukua pia kazi ya kuwakamata wanawake walioshukiwa kuwa na mwenendo mbaya mjini na kuwarudisha Nyanza kwa nguvu. Waliofanya hivyo walijiita ndugu. Lakini undugu unaomkamata mtu mkono na kumpakia garini bila ya kumsikiliza una tofauti gani na askari wa mkoloni aliyedai kipande?

Katika Tanzania, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza kampeni iliyoitwa Operesheni Vijana. Sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua ngozi zingepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 1969, kwa hoja ya kuwa zilikuwa utumwa wa fikira za kigeni. Makundi ya vijana hayakungoja tarehe hiyo. Mwezi ule ule wa Oktoba, karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, wanawake waliovaa nguo fupi walizomewa na kushambuliwa. Katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa na kampeni nyingine ya kuwataka Wamasai waache lubega na ngozi, wavae kama raia wengine. Basi mwanamke wa mjini aliambiwa ameacha Uafrika kwa sababu mwili wake ulionekana, na Mmasai akaambiwa amebaki nyuma mno katika mila kwa sababu mwili wake ulionekana. Watu walioyaona mambo hayo mawili kwa pamoja walikuwa na haki ya kuuliza ni Uafrika upi uliotetewa.

Uganda ikafuata: serikali ya Idi Amin ilikataza sketi fupi mwaka 1972. Malawi chini ya Kamuzu Banda ilitunga sheria ya mavazi mwaka 1973, na mwanamke akakatazwa hata suruali. Tazama ya kuwa katika nchi zote hizo waliopimwa kwa rula walikuwa hasa wanawake, na walioshika rula walikuwa hasa wanaume.

Usidhani ya kuwa mambo haya yalikwisha na miaka ile. Mwezi wa Novemba 2014, katika kituo kimoja cha magari katikati ya Nairobi, kundi la wanaume lilimvua mwanamke nguo hadharani kwa madai ya kuwa amevaa vibaya, na picha zake zikaenea katika simu. Fikiri, msomaji: waliodai kuchukizwa na mwili ulioonekana kidogo ndio waliouvua wote. Tarehe 17 Novemba mamia ya wanawake, na wanaume waliowaunga mkono, waliandamana mjini kwa wito wa kuwa nguo ya mtu ni hiari yake. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge lilifanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa la jinai lenye adhabu ya kifungo.

Huenda utaniambia: "Mwalimu, umezidisha. Mzaha wa karamu si sawa na kumvua mtu nguo." Ni kweli, si sawa, wala sitaki kuvilinganisha kwa uzito. Lakini chunguza mzizi wake. Mtu wa kituoni huamini ya kuwa mwili wa mwanamke ni mali ya kila mtazamaji, na ya kuwa kicheko cha wengi ni hukumu ya haki. Imani hiyo hakuizaliwa nayo, aliisikia mahali. Mtoto wa miaka minane aliyekuwa uani Baba Dogo alijifunza nini aliponiona mimi, msomi wa ukoo, nikimfanya dada yangu kuwa kichekesho, na wazee wakicheka pamoja nami? Alijifunza ya kuwa jambo hilo laruhusiwa.

Tena usidhani ya kuwa nadharau heshima ya mwili. Historia ya Nairobi yenyewe yakataza. Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi ukidai Harry Thuku afunguliwe. Wajumbe waliporudi na kuwaambia watu watawanyike, baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Mary Muthoni Nyanjiru akainua gauni lake mbele yao, akawaambia walichukue wao wampe suruali zao, kwani woga wao haukustahili vazi la kiume. Umati ukasonga mbele, polisi wakapiga risasi, na Nyanjiru akawa miongoni mwa waliokufa. Hesabu ya serikali ilitaja vifo 21.

Miaka 70 baadaye, tarehe 3 Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikuwa katika bustani ya Uhuru pamoja na Wangari Maathai, wakifunga kula ili wana wao waachiliwe. Polisi walipowashambulia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi, baadhi ya akina mama wale wazee walivua nguo zao mbele ya askari. Katika jamii zetu nyingi mama kumwonyesha uchi wake mtu wa umri wa mwanawe ni laana nzito. Hawakupoteza haya. Waliitumia haya kama silaha ya mwisho, wakawauliza askari wale: ninyi ni wana wa nani?

Matukio haya mawili yatufundisha ya kuwa mwili hauna maana moja kila mahali. Maana yake hutoka katika uhusiano wa anayeonekana na anayeona. Ndiyo sababu neno la ndugu juu ya vazi huumiza kuliko neno la mpita njia. Mpita njia akisema, waweza kuvuka barabara. Ndugu akisema mezani pa ukoo, utavuka kwenda wapi?

Sasa yatupasa kuitendea haki hoja ya upande wa pili. Wako wazee wanaosema si kwa dharau bali kwa hofu. Shangazi anayejua ya kuwa binti atapanda matatu usiku ana sababu ya kuogopa, kwa kuwa mambo ya mwaka 2014 hayakuwa ndoto. Kadhalika ziko shughuli zenye adabu yake. Matanga si arusi, na nyumba ya ibada ina sheria yake; mgeni aliyekosea kwa kutojua hufurahi kuambiwa mapema. Kunyamaza kila mara si wema, na ukoo usioonyana huwa kama nyumba isiyo na taa.

Lakini kuonya ni kazi, na kila kazi ina namna yake. Kabla ya kusema, jiulize maswali matatu. La kwanza: je, mimi ndiye? Ikiwa yuko mama, shangazi au dada aliye karibu naye zaidi, na hasa ikiwa wewe ni mwanamume na yeye ni mwanamke, basi aghalabu si wewe. La pili: je, ni hapa? Neno lisiloweza kusemwa kwa sauti ya chini pembeni halifai kusemwa kwa sauti ya juu kati ya watu. La tatu: je, ni kwa faida ya nani? Ukitaka kumkinga na baridi au aibu ya ugenini, sema kwa upole kisha umwachie aamue. Ukitaka kuchekesha, au kujionyesha mwadilifu, unajitafutia sifa kwa gharama yake. Nimeona ya kuwa maneno mengi juu ya mavazi ya ndugu huanguka katika swali hili la tatu, kama yalivyoanguka yangu.

Namna hiyo sikuisoma kitabuni. Jioni ile ya Krismasi, wageni walipokuwa wakila, nyanya aliniita jikoni. Alimtuma mtoto aliyekuwa pale akalete maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa, kisha akasema polepole: "Mjukuu wangu, mama yangu aliyenizaa alivaa ngozi, na mabega yake yaliona jua mpaka alipozeeka. Ungekuwapo, ungemcheka yeye pia?" Sikuwa na jibu. Akanipa sahani yangu akaniambia niende nikale. Hakulitaja jambo lile tena, wala hakumwambia mtu.

Ilinichukua miaka kutambua alichonitendea. Nilistahili kuaibishwa uani kama nilivyoaibisha, naye alikuwa na umri na haki ya kufanya hivyo. Alichagua jikoni.

Nyanya alipofariki, binti wa shangazi yangu alikuja matangani Baba Dogo. Nilitaka kumwomba radhi pembeni, kisha nikafikiri ya kuwa maonyo ni ya faragha, lakini toba ya kosa lililofanywa mbele ya watu haifai kujificha. Nikasimama uani pale pale, mbele ya baba mdogo na wapangaji, nikasema ya kuwa siku ile nilimkosea dada yangu, na ya kuwa walionicheka nao wasinisifu. Alinitazama kitambo, akajibu: "Nimesikia, kaka." Hakusema zaidi, na jioni aliondoka mapema kama zamani. Miaka sita hairudishwi kwa sentensi moja.

Wewe uliye kijana bado hujapoteza miaka hiyo. Utakapoketi katika mkutano wa ukoo wenu, na mlango ukafunguliwa, na ndugu akaingia amevaa asivyovaa mama yako, mpe kiti kwanza.